Damu Salama Huanzia kwa Mchangiaji: Virusi Vinavyoweza Kupita Katika Damu na Jinsi Vinavyozuiwa

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa chache. Mtoto aliyeishiwa damu kwa sababu ya malaria kali hawezi kungoja hadi kesho. Mwendeshaji bodaboda aliyegongwa barabarani, mgonjwa wa saratani na mwenye ugonjwa wa selimundu wote wako katika hali hiyo. Kinachowaokoa ni damu ambayo mtu mwingine alikubali kuitoa, na hadi leo hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza.

Damu hiyo hiyo inayookoa inaweza pia kubeba virusi kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Wakazi wengi wanalijua hilo, na kwa baadhi yao hofu imekuwa kubwa kiasi cha kukataa kuongezewa damu hata daktari anaposema hakuna njia nyingine. Wengine wameegemea upande wa pili: wanaamini kwamba kwa kuwa kila painti hupimwa, mtu yeyote anaweza kuchangia bila kujali yaliyompata wiki iliyopita.

Pande zote mbili zinakosea. Somo hili linaeleza ni virusi gani vinavyoweza kupita katika damu, kwa nini maabara pekee haitoshi kuvizuia, na kila mkazi ana nafasi gani katika kuhakikisha kwamba painti inayofika wodini ni salama.

Virusi vitatu vinavyotafutwa

Kanuni za kitaifa zinataka kila painti ya damu inayotolewa nchini Kenya ipimwe magonjwa manne kabla ya kupewa mgonjwa: HIV, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na kaswende. Matatu ya kwanza husababishwa na virusi. Kaswende husababishwa na bakteria.

HIV ndiyo inayoogopwa zaidi, na kwa sababu nzuri. Mtu akiongezewa damu yenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 9 kati ya 10. Hakuna njia nyingine ya maambukizi inayokaribia kiwango hicho, kwa sababu kupitia mshipa virusi huingia kwa wingi moja kwa moja mwilini, bila kukutana na ngozi wala kizuizi kingine chochote.

Homa ya ini aina ya B haizungumzwi sana mitaani, lakini husambaa kwa urahisi kuliko HIV. Watu wazima wengi wanaoambukizwa hupona wenyewe katika miezi michache. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa hana bahati hiyo: karibu watoto 9 kati ya 10 wa aina hiyo hubaki na virusi kwa miaka mingi, na baadhi yao huishia kupata ini lililokakamaa au saratani ya ini. Habari njema ni kwamba chanjo ipo. Nchini Kenya watoto huipata katika sindano ya mchanganyiko wa chanjo tano, wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Watu wazima waliozaliwa kabla chanjo hiyo haijaingizwa katika ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaweza kuuliza kuhusu kipimo na chanjo katika kituo cha afya.

Homa ya ini aina ya C haina chanjo, ila ina tiba. Vidonge vinavyotumiwa siku hizi huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100, kwa matibabu ya wiki 8 hadi 12. Kwa muda mrefu wataalamu hawakuwa na jina la virusi hivi. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Marekani, akiwemo Harvey Alter, waliona kwamba wagonjwa waliendelea kupata homa ya ini baada ya kuongezewa damu hata pale ambapo aina A na aina B zilikuwa zimepimwa na hazikuonekana. Waliuita ugonjwa huo "si A wala si B". Virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 1989, na kipimo kikafuata muda mfupi baadaye. Mwaka 2020 Alter, pamoja na Michael Houghton na Charles Rice, alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Magonjwa haya matatu yana jambo moja linalofanana, nalo ndilo kiini cha somo hili: mtu anaweza kuwa nayo kwa miezi au miaka akiwa na nguvu zake, akilima, akicheza mpira na kufanya biashara, bila dalili yoyote. Kumtazama mtu usoni hakusemi lolote kuhusu damu yake.

Vipo virusi vingine vinavyoweza kupita katika damu. Virusi vya saitomegalo viko kwa watu wengi na kwa kawaida havina madhara, lakini ni hatari kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kwa wagonjwa ambao kinga yao imedhoofika. Virusi vya West Nile viligunduliwa nchini Uganda mwaka 1937 na husambazwa na mbu. Mwaka 2002 vilipatikana vikiambukiza wagonjwa walioongezewa damu nchini Marekani, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikaanza kuvipima katika damu inayochangwa. Ndiyo maana orodha ya vipimo hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hubadilika ugonjwa mpya unapojitokeza.

Kipindi cha dirisha

Wakazi wengi huuliza: kama damu hupimwa, virusi vinapitaje?

Jibu liko katika jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Vipimo vingi havioni virusi vyenyewe. Huona askari ambao mwili huwatuma kupambana na virusi, au vipande vya virusi vikishakuwa vingi. Mtu akiambukizwa leo, askari hao hawapo kesho. Mwili huchukua muda kuwaunda. Katika muda huo virusi vinaweza kuwa tayari vinazaana katika damu, ilhali kipimo kinasema hakuna kitu. Muda huo ndio unaoitwa kipindi cha dirisha.

Kwa HIV, kipimo kinachotafuta askari wa mwili pekee huhitaji takriban wiki 3 tangu siku ya kuambukizwa. Kipimo kinachotafuta askari pamoja na vipande vya virusi hupunguza muda huo hadi wiki 2 na siku chache. Kwa homa ya ini aina ya B, dirisha hilo ni zaidi ya mwezi mmoja. Kwa aina ya C, kipimo cha askari wa mwili kinaweza kuchelewa kwa takriban miezi 2.

Chukua mfano wa mwanamume aliyeambukizwa HIV usiku wa Jumapili. Hajui. Ijumaa ya wiki inayofuata, siku 12 baadaye, anafika kwenye hema la kuchangia damu sokoni akiwa mzima kabisa. Anatoa painti moja. Maabara inapima na haioni chochote, si kwa uzembe wa mtu, bali kwa sababu hakuna cha kuonekana bado. Painti hiyo inatenganishwa kuwa chembe nyekundu, chembe sahani na plazma, na kila sehemu inapelekwa kwa mgonjwa wake. Watu watatu ambao hawajawahi kuonana na mwanamume huyo sasa wako hatarini.

Kipo kipimo cha hali ya juu kinachotafuta chembechembe za urithi za virusi vyenyewe. Afrika Kusini ilianza kukitumia kwa kila painti mwaka 2005. Hupunguza dirisha la HIV hadi takriban siku 10, na la homa ya ini aina ya C hadi takriban wiki moja. Hata hivyo gharama yake ni kubwa, na hata chenyewe hakilifungi dirisha hilo kabisa. Hakuna maabara duniani inayoweza kuapa kwamba imeona kila kitu.

Mtu pekee anayeweza kujua kwamba painti fulani huenda iko ndani ya dirisha ni yule aliyeitoa.

Kenya ilikotoka

Nchi hii imejifunza kwa njia ngumu. Kwa miaka mingi kila hospitali ilijitafutia damu na kuipima yenyewe, mara nyingi mgonjwa akiwa tayari kitandani. Utafiti uliofanywa mwaka 1994 katika hospitali 6 za serikali, na kuchapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la Lancet, ulikadiria kwamba takriban mgonjwa 2 kati ya kila 100 walioongezewa damu walipewa damu yenye HIV. Kipimo cha HIV kilikuwapo wakati huo. Watafiti walibaini kwamba maambukizi mengi yalitokana na makosa ya kazi ndani ya maabara. Kuwa na kipimo ni jambo moja, na kukitumia inavyopaswa kila siku, kwa kila painti, ni jambo jingine.

Kisha ikaja Agosti 7, 1998, siku ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu. Zaidi ya watu 200 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Hospitali zilihitaji damu nyingi kwa mpigo, na ilidhihirika kwamba nchi haikuwa na akiba wala mfumo wa pamoja wa kuikusanya. Mwaka 2000 huduma ya kitaifa ya damu ilianzishwa, na baadaye vituo vya kanda vikawekwa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Embu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, serikali za kaunti ndizo zinazosimamia hospitali nyingi ambako damu hiyo hutumika.

Nchi tajiri nazo hazikusalimika. Nchini Uingereza, kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, takriban watu 30,000 waliambukizwa HIV au homa ya ini kupitia damu na dawa zilizotengenezwa kwa plazma. Zaidi ya 3,000 wamefariki. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Mei 20, 2024 chini ya Sir Brian Langstaff ilionyesha kwamba sehemu ya dawa hizo ilitoka Marekani, ambako plazma ilinunuliwa kutoka kwa watu waliolipwa, wakiwemo wafungwa. Plazma ya maelfu ya watu ilichanganywa pamoja, hivyo mtu mmoja mwenye virusi aliweza kuchafua mchanganyiko wote.

Hilo ndilo linaloeleza kwa nini damu haipaswi kununuliwa. Mtu anayeuza damu ana sababu ya kuficha ukweli, maana akiusema anakosa pesa. Anayeitoa bure hana cha kupoteza akisema, "Leo sifai." Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza uchangiaji wa hiari, usio na malipo, tangu mwaka 1975.

Safari ya painti moja

Ili kuelewa virusi huzuiwa wapi, ni vyema kuifuata painti moja kutoka mkononi mwa mchangiaji hadi wodini.

Hatua ya kwanza ni maswali. Mchangiaji anapaswa kuwa na umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na damu ya kutosha mwilini. Kisha huulizwa kuhusu afya yake na maisha yake: dawa anazotumia, magonjwa aliyougua, iwapo macho yake yamewahi kugeuka ya manjano, iwapo amechanjwa chale au kuchorwa tatuu karibuni, iwapo amepata mpenzi mpya au ana wapenzi zaidi ya mmoja, iwapo amewahi kujidunga dawa za kulevya. Baadhi ya wachangiaji huona maswali haya ni ya kuingilia mambo yao ya ndani. Ukweli ni kwamba hiki ndicho kizuizi pekee kinachoweza kuwatambua walio katika kipindi cha dirisha.

Hatua ya pili ni kutoa damu. Hutolewa takriban mililita 450, wakati mtu mzima ana lita 5 hivi mwilini. Sindano na mfuko ni vipya, hutumika mara moja na kutupwa. Mchangiaji hawezi kuambukizwa ugonjwa kwa kutoa damu.

Hatua ya tatu ni maabara. Chupa ndogo za sampuli hupelekwa kupimwa huku mfuko wenyewe ukizuiliwa kando. Hakuna mfuko unaopaswa kuachiliwa kabla ya majibu kutoka, na ule unaoonyesha dalili ya ugonjwa huharibiwa.

Hatua ya nne ni kuhifadhi. Chembe nyekundu hudumu siku 35 hivi kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6. Chembe sahani hudumu siku 5 tu. Plazma ikigandishwa inaweza kukaa hadi mwaka mmoja. Ndiyo maana mchango mkubwa wa siku moja hauwezi kutosheleza mahitaji ya mwaka mzima. Damu huisha muda, na akiba inapoisha ndipo haraka huanza. Haraka huzaa makosa.

Hatua ya tano ni kitandani. Maabara ya hospitali hulinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa, na wauguzi huhakikisha jina, namba na kundi la damu kabla ya kuiunganisha.

Katika hatua zote tano, nne ziko mikononi mwa wahudumu. Ya kwanza iko mikononi mwa mchangiaji.

Jamaa anapoombwa damu

Hali inayotokea mara nyingi katika hospitali za Kenya ni hii: mgonjwa amelazwa, damu ni haba, na jamaa wanaombwa walete watu wa kuchangia ili kujaza akiba. Simu zinapigwa. Mjomba, binamu, shemeji na majirani wanakusanyika nje ya wodi. Kila mmoja anamtazama mwenzake.

Miongoni mwao huenda kuna kijana anayejua kwamba wiki mbili zilizopita alikuwa katika hali iliyomweka hatarini. Moyoni anajua hafai kutoa damu leo. Lakini akisema "sitoi", ataambiwa hampendi mamake. Akirudishwa na mhudumu, wengine watanong'ona kwamba ana ugonjwa. Basi ananyamaza, anajibu "hapana" kwa kila swali, na kunyoosha mkono.

Mahali ambapo virusi vinaweza kupenya ndipo hapo. Kinachomsukuma kijana huyo ni aibu tu, wala hana nia mbaya. Familia inaweza kuzuia hilo kwa kuyafahamu mambo manne.

Kwanza, kurudishwa si kuambiwa una HIV. Watu hurudishwa kwa sababu ya uzito mdogo, upungufu wa damu, shinikizo la damu, dawa wanazotumia, homa, ujauzito, kunyonyesha, au kwa kuwa walichangia karibuni. Jamaa hawapaswi kumhoji aliyerudishwa. Kuuliza "wamekukataa kwa nini?" mbele ya watu ndiko kunakomfanya mwingine adanganye.

Pili, mahojiano ni ya faragha. Mchangiaji anaweza kumwambia mhudumu kwa sauti ya chini, "Naona leo sifai," naye mhudumu hana ruhusa ya kuwaeleza wengine sababu.

Tatu, mtu aliyekwisha kutoa damu kisha dhamiri ikamsuta bado anaweza kusaidia. Arudi au apige simu kituoni mara moja na kuomba painti yake isitumike. Saa chache zinaweza kutosha kuizuia.

Nne, kundi la damu la jamaa si lazima lilingane na la mgonjwa. Damu anayotoa huingia katika akiba ya wote, na mgonjwa hupewa inayomfaa. Kwa hivyo hakuna haja ya kumshurutisha mtu mmoja kwa sababu tu "ndiye mwenye damu kama ya mama".

Njia bora zaidi ni akiba kuwepo kabla mgonjwa hajafika. Mchangiaji wa hiari anayerudi kila baada ya miezi 3 kwa wanaume, au miezi 4 kwa wanawake, amepimwa mara nyingi na huja bila shinikizo. Uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kwamba damu ya wachangiaji wa aina hii huwa na maambukizi machache kuliko ya wanaochangia kwa mara ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba nchi inaweza kukidhi mahitaji yake ya msingi iwapo mtu 1 kati ya kila 100 atachangia damu.

Usichangie ili upimwe

Baadhi ya watu huchangia damu kama njia ya kujua hali yao ya HIV bila kwenda kliniki. Huo ni mtego. Anayefanya hivyo mara nyingi ana sababu ya kuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo huwa wa jambo la karibuni, yaani ndani ya kipindi cha dirisha. Kipimo cha HIV hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Aliyekuwa hatarini katika saa 72 zilizopita anaweza kupata dawa za kuzuia maambukizi, na kila saa anayokawia inapunguza nafasi yake.

Jambo jingine linalohitaji kufahamika ni kuhusu PrEP, dawa za kujikinga na HIV, ziwe vidonge au sindano. Ni dawa nzuri kwa anayezihitaji. Lakini dawa hizo, sawa na zile za kupunguza makali ya HIV, zinaweza kufanya virusi vichache vilivyopo visionekane kwenye kipimo. Anayezitumia hapaswi kuchangia damu, hata akiwa na afya njema. Amwambie mhudumu waziwazi, hatahukumiwa.

Kwa anayeongezewa damu

Hofu ya virusi haipaswi kumfanya mtu akatae damu wakati maisha yako hatarini. Hatari ya kupata virusi kutoka kwa damu iliyopimwa ni ndogo. Hatari ya kufa kwa kuvuja damu ni kubwa na iko hapo hapo. Mzazi anayesita anapaswa kuuliza, si kutoroka na mtoto.

Mgonjwa au jamaa ana haki ya kuuliza kwa nini damu inahitajika, kama kuna tiba nyingine, na kama painti hiyo imepimwa. Damu ikiwa imeunganishwa, aeleze muuguzi mara moja akihisi baridi au kutetemeka, homa, mwasho, maumivu ya mgongo au pumzi kubana. Pia damu haiuzwi. Yeyote anayedai pesa kando ili "kuharakisha painti" aripotiwe kwa msimamizi wa hospitali.

Aliyeongezewa damu miaka mingi iliyopita, kabla ya kipimo cha homa ya ini aina ya C kuwepo, ana sababu nzuri ya kumwomba daktari ampime. Ugonjwa huo hukaa kimya kwa miongo, na sasa unatibika.

Kupunguza haja ya damu

Damu isiyoweza kuambukiza kabisa ni ile ambayo mgonjwa hakuihitaji. Mama mjamzito anayeanza kliniki mapema na kumeza vidonge vya madini ya chuma hufika kwenye uzazi akiwa na akiba yake mwenyewe. Mtoto anayelala ndani ya neti na kutibiwa malaria siku ya kwanza ya homa hafikii hatua ya kupauka viganja.

Madaktari nao wamejifunza kuwa waangalifu. Utafiti uliofanywa Uganda na Malawi kwa zaidi ya watoto 1,500 waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu lakini bila dalili za hatari, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wale waliochunguzwa kwa karibu hospitalini bila kuongezewa damu papo hapo hawakufariki kwa kiwango tofauti kwa namna ya wazi na wale walioongezewa mara moja. Karibu nusu ya waliosubiri hawakuhitaji damu hata kidogo. Hiyo haimaanishi mzazi angoje nyumbani. Mtoto aliyepauka, anayehema kwa shida au aliyelegea apelekwe hospitalini bila kuchelewa, na uamuzi wa kusubiri au kutosubiri ufanywe huko.

Jipime

Swali: Mtu alipimwa HIV jana na kuambiwa hana. Je, anaweza kuchangia damu leo?
Jibu: Si lazima iwe hivyo. Ikiwa alikuwa hatarini katika wiki za karibuni, huenda yuko katika kipindi cha dirisha. Asubiri na amweleze mhudumu.

Swali: Je, mtu anayeonekana mwenye afya anaweza kuwa na homa ya ini aina ya B?
Jibu: Ndiyo, kwa miaka mingi bila dalili.

Swali: Je, kutoa damu kunaweza kumwambukiza mchangiaji?
Jibu: Hapana. Vifaa vyote ni vipya na hutumika mara moja.

Swali: Jamaa amerudishwa na mhudumu. Familia ifanye nini?
Jibu: Imshukuru kwa kufika, na isimhoji.

Wakazi wanaotaka kuwa wachangiaji wa kudumu wanaweza kuuliza katika hospitali ya umma iliyo karibu nao au kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chao ili wajue siku na mahali pa kuchangia. Siku ya Wachangiaji Damu Duniani huadhimishwa Juni 14 kila mwaka, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwanasayansi aliyetambua makundi ya damu mwaka 1901. Lakini kwa kuwa chembe nyekundu hudumu siku 35 pekee, damu itakayotolewa Juni haitamfaa mama atakayejifungua Septemba. Mahojiano, kutoa damu na kupumzika kidogo baadaye haviwezi kumchukulia mtu nusu siku. Mchangiaji afike akiwa amekula, amekunywa maji ya kutosha, na yuko tayari kujibu kila swali kwa ukweli.